Masomo ya lazima chuoni: msiyafute, yapeni walimu bora

Mleta uzi

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kila matokeo ya semista ya kwanza yakitoka, kilio ni kile kile. Kijana anasomea Famasia, Uhandisi au Kompyuta, masomo yake ya fani kayapita vizuri, lakini ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya Stadi za Mawasiliano au ya Taaluma za Maendeleo (Development Studies), hii tunayoiita DS. Nyumbani wanamuuliza: DS na dawa wapi na wapi? Yeye mwenyewe hana jawabu, maana hata aliyemsomesha hakumpa.

Mimi nasomesha form five na six hapa Unguja. Wanafunzi wangu wengi huishia chuoni Tunguu hapa hapa, wengine Dar, wachache hubahatika kwenda nje. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: masomo haya ya pamoja yasifutwe. Yapunguzwe idadi, yapewe walimu bora kabisa waliopo chuoni, na yasomeshwe kwa mambo ya hapa hapa. Kwa yanavyosomeshwa sasa katika vyuo vingi, mwanafunzi akilalamika ana haki yake.

Kwanza yametoka wapi, maana wapo wanaoamini ni ujanja wa kuongeza ada. Uingereza, ambako mfumo wetu umetoka, shahada ni miaka mitatu na mtu anasoma fani moja, kwa hesabu kwamba elimu ya jumla ameshamalizana nayo skuli. Marekani ni miaka minne, na kwa kawaida kiasi cha thuluthi moja ya shahada ni masomo ya jumla: uandishi, hisabati, sayansi, historia, lugha, sanaa. Na wenyewe hawajawahi kukubaliana. Charles Eliot, aliyeshika uongozi wa Chuo cha Harvard mwaka 1869 na kukaa miaka arubaini, aliyapunguza masomo ya lazima mpaka yakakaribia kwisha, mwanafunzi ajichagulie. Lowell aliyemfuata akarudisha masharti: chimba fani moja, na katika fani nyengine pata sehemu. Chuo cha Columbia mwaka 1919 wakaanzisha somo moja kwa kila kijana wa mwaka wa kwanza kuhusu dunia ya wakati wao, nalo lilitokana na somo la masuala ya vita walilosomeshwa vijana waliokuwa wakiandaliwa kwenda jeshini. Halafu Chuo cha Brown, mwaka 1969, baada ya wanafunzi kudai, wakayaondoa yote.

Afrika nayo ina historia yake. Chuo cha Nsukka kule Nigeria kilipofunguliwa mwaka 1960 kilikuwa na General Studies tangu mwanzo, na leo kila chuo kikuu cha Nigeria kinayo. Dar es Salaam mambo yalikuja kwa ugomvi. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na swali likawa kubwa: chuo kinatoa wataalamu gani, ikiwa hawaijui jamii inayowalipia? Mjadala ule ndio uliozaa somo la pamoja, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi nzima ya Taaluma za Maendeleo. Kwa hivyo DS haikuanzishwa ili kujaza ratiba. Ilianzishwa kujibu swali, na mimi naona swali lenyewe bado lipo.

Sasa mtazame mtoto wetu wa PCB. Historia kaiacha form four, wengine kabla ya hapo. Miaka miwili ya form five na six ni fizikia, kemia na baiolojia, asubuhi mpaka usiku. Anaingia chuo, miaka mitatu au minne tena ni fani tupu. Anamaliza akiwa na miaka ishirini na tatu, ishirini na nne, na tangu utoto hajawahi kuandika ukurasa mmoja wa hoja yake mwenyewe. Mwenzake wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) naye yuko vile vile upande wa pili: mpe jadweli la takwimu za mvua za Pemba, hajui aanzie wapi. Hawa ndio tutakaowapa wizara, hospitali, bandari na skuli.

Kwa hesabu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na krediti moja ni saa kumi za kusoma. Tuseme masomo ya pamoja ni manne, krediti kumi kila moja: hizo ni saa 400 za umri wa kijana. Mtu akinichukulia saa 400 lazima anieleze anazifanyia nini. Hapo ndipo nataka tuzungumze. Karibuni.

Mhandisi wa mwaka wa tatu

Maalim, heshima yako, lakini wewe unayaona masomo haya kwa mbali. Sisi tumo ndani.

DS yetu tulisomea kwenye ukumbi mmoja, kozi sita kwa pamoja, saa moja asubuhi. Waliokaa nyuma hawasikii kitu. Lekchara anafungua slaidi, anasoma, anafunga. Madesa tuliyopewa ni yale yale waliyosoma walioingia miaka mitano kabla yetu, hata jina la aliyeyachapa mwanzo limebaki juu. Mtihani: taja sifa tano za hiki, eleza hatua nne za kile. Unakariri usiku mmoja, asubuhi unamwaga, mchana umesahau. Wakati huo nina ripoti ya maabara inanisubiri.

Stadi za Mawasiliano ndiyo inayoniuma zaidi. Semista nzima tulisomeshwa maana ya mawasiliano na vizuizi vya mawasiliano. Sikuandika hata barua moja ikarudishwa na alama ya kalamu nyekundu. Nimekwenda mafunzo kwa vitendo, bosi kaniambia niandike taarifa ya ukurasa mmoja juu ya pampu iliyoharibika. Nimeishika siku tatu.

Kwa hivyo mimi nasema yaondoke. Saa 400 hizo nipeni za karakana.

Mzazi, Wete

Mimi nitasema la mfukoni, maana watu wa vyuo hulisahau. Binti yangu anasoma Unguja. Alipopata sapu ya somo hilo la pamoja ilibidi likizo aikatishe arudi kufanya mtihani. Nauli ya boti kwenda na kurudi, chumba alikuwa ameshakirejesha ikabidi tutafute pengine, chakula, na yote hayo kwa somo ambalo nikimuuliza limemfunza nini ananyamaza. Bumu, pesa za mkopo wa chuo, lilikuwa limeshakwisha. Niliuza mazao ambayo hayakuwa ya kuuzwa wakati ule.

Sipingi elimu. Baba yangu alikuwa mtu wa kitabu. Lakini kama ni lazima, basi na chuo nacho kilazimike kumsomesha mtoto akaelewa.

Fundi wa chokaa, Mji Mkongwe

Asalaam. Mimi sikufika chuo kikuu, naomba niseme nililoliona kazini.

Wanakuja kwetu vijana wahandisi, wana vyeti vizuri, hesabu wanazijua kuliko sisi. Unampeleka kwenye ukuta wa nyumba ya zamani, umepasuka, lipu imevimba. Jambo la kwanza atakalosema: leteni saruji. Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ule unapumua, maji yanaingia na yanatoka. Ukiupaka saruji umeufunga mdomo. Mvua moja ya masika, ya pili, unyevu umekwama ndani, chumvi inatoka kama unga, halafu lipu inabanduka mapande kwa mapande na jiwe la ndani limeshalainika. Na zile ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza kimya kimya. Siku dari inashuka, watu wanasema nyumba imezeeka.

Kitu chengine, hawajui kwa nini vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba. Wanafikiri watu wa zamani hawakupenda nafasi. Upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti ya mkandaa, boriti haikufika zaidi ya pale. Ukishalijua hilo unajua ukuta upi umebeba na upi haukubeba, kabla hujashika nyundo.

Jumba la Maajabu, lililojengwa 1883 wakati wa Sayyid Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Mimi sina la kusema juu ya sababu, hilo lina wenyewe. Nasema tu kwamba siku ile niliomba Mungu atuletee wahandisi wanaoijua historia ya mawe yetu.

Mleta uzi

Fundi, Mungu akuzidishie. Ningekuwa na uwezo, ningekupandisha jukwaani uwasomeshe vijana wa mwaka wa kwanza kama ulivyoandika hapa.

Mhandisi, yote uliyoyasema nayakubali, ila hitimisho silikubali. Ukipika wali ukaungua, hutakiwi kuacha kula wali. Bosi wako alikuomba ukurasa mmoja, ukaushika siku tatu. Huo ni ushahidi kwamba Stadi za Mawasiliano ulikuwa unaihitaji na hukupewa. Ulipewa maelezo ya kitu, kitu chenyewe hukupewa. Kuandika hakufundishwi kwa slaidi. Kunafundishwa kwa kuandika, mtu akakusoma, akakurudishia, ukaandika tena. Kwa ukumbi wa kozi sita hilo haliwezekani hata malaika akisomesha. Vikundi vya watu ishirini na tano, kila wiki ukurasa mmoja, semista nzima. Ni ghali, najua. Lakini ukiyapunguza masomo ya pamoja yakabaki mawili au matatu, walimu unao.

Na usidhani wenzako wa uhandisi kwengine wamesamehewa. Chuo cha MIT, Marekani, mwanafunzi wa uhandisi hapati shahada mpaka apite masomo manane ya jamii, sanaa na lugha. Vyuo vya teknolojia vya IIT vya India, ambavyo tawi la mojawapo limefunguliwa Bweleo mwaka 2023, navyo huwataka wanafunzi wao wa uhandisi wasome masomo ya aina hiyo. Hakuna atakayesema watu hao hawana haja na karakana.

Nichukue mfano wa mwani, nao naujua kwa karibu kwa sababu wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima wa mwani. Kilimo cha biashara kilianza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, mbegu zilitoka Ufilipino. Aina ni mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei, na ndiyo isiyovumilia joto. Maji ya pwani yalivyozidi kupata moto, cottonii ikaanza kufa kwenye maji madogo, na wataalamu wakasema jambo sahihi kabisa kisayansi: ipelekwe maji makubwa, huko kuna ubaridi. Wanaolima ni nani? Wengi ni wanawake. Maji madogo walikuwa wanayaendea kwa miguu wakati wa bamvua, bahari imekupwa, mama na jirani zake, watoto wako karibu. Maji makubwa yanataka chombo na yanataka kuogelea. Wanawake wengi wa pwani yetu hawakufunzwa kuogelea, na chombo ni cha mwanamme. Ushauri sahihi wa kisayansi umeishia hapo, mpaka pale watu walipoanza kufikiria mambo ya kuwafunza kuogelea na kuwapatia vyombo.

Mtu wa sayansi ya bahari aliyesomeshwa vizuri elimu ya jamii angeuliza siku ya kwanza: nani anaingia majini, saa ngapi, na nani anashika pesa? Na mtu wa maendeleo ya jamii aliyesomeshwa sayansi kidogo angejua kwamba joto la bahari halibembelezwi kwa semina. Hiyo ndiyo DS ninayoitaka. Mlete mwanafunzi wa bahari, wa biashara, wa sheria na wa Kiswahili chumba kimoja, wape mwani semista nzima. Wende Paje au Jambiani, wahesabu, waandike, wabishane. Semista ya pili wape ukuta wa fundi wetu.

Mzazi wa Wete, pole sana. Lako halihitaji falsafa. Mtihani wa sapu wa somo la pamoja unaweza kufanywa Pemba na mtoto akiwa kwao, tena hilo ni agizo la karatasi moja tu. Nashangaa kwa nini chuo hakijalifanya.

Mzee wa darsa

Nimesoma uzi wote, nimefurahi. Mnazungumza kama vile jambo hili limeletwa na wageni. Nataka kuwakumbusha kidogo.

Zamani hapa mjini mtu hakuwa mwanachuoni kwa kujua fiqhi peke yake. Alianza nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, maana asiyejua irabu atasoma kinyume. Akaja fiqhi, akaja mantiki, na aliyetaka kukamilika akasoma falaki, elimu ya nyota, na faraidhi, elimu ya kugawa mirathi. Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyefariki hapa mwaka 1925 akiwa ameshakuwa kadhi mkubwa, ujanani alikuwa nahodha wa chombo. Nyota alizijua akiwa baharini kwanza.

Faraidhi ni sheria na hesabu kwa pamoja, huwezi kuzitenganisha. Chukueni mas-ala haya: mtu amefariki, ameacha mke, mama, mtoto mwanamme na mtoto mwanamke. Mke ana thumuni, moja ya nane, mama ana sudusi, moja ya sita. Unatafuta asili inayogawika kwa nane na kwa sita, ni 24. Mke tatu, mama nne, zinabaki 17 za watoto, mwanamme mara mbili ya mwanamke. Lakini 17 haigawiki kwa tatu. Basi unapiga 24 mara tatu, inakuwa 72: mke 9, mama 12, mwanamme 34, mwanamke 17. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita alikuwa analifanya hilo kwa kichwa, na analijua kila fungu linatokana na aya ipi. Leo wanasheria wanaozijua aya wanamtafuta mtu wa hesabu, na wa hesabu hazijui aya, na warithi wanasubiri.

Ila na mimi nina neno kwa mleta uzi. Darsa ile haikuwa ya watu wote. Aliyetaka alikaa, aliyechoka aliondoka, na sheikh alimjua kila mmoja kwa jina na kwa baba yake. Nyinyi mnataka kuwalazimisha maelfu. Sijui kama yale yatapatikana kwa amri.

Mhandisi wa mwaka wa tatu

Shukran mzee, hiyo ya 72 nimeifanya kwenye karatasi, imetoka.

Maalim, mfano wa mwani umenigusa, mama yangu analima. Lakini mzee kasema nililotaka kulisema: kwa nini lazima? Umetaja mwenyewe Brown, wameyaondoa tangu 1969 na chuo hakikufa. Yafanyeni mazuri, yawe ya hiari, tutakuja wenyewe. Fundi akisomesha mimi nakaa mstari wa mbele. Sitaki mtu anishikie shahada yangu kwa somo nisilolichagua.

Mleta uzi

Hoja yenu hiyo ndiyo nzito kuliko zote humu, na mwanzo sikuipa uzito wake.

Brown iliweza kwa sababu mbili. Aliyefika pale skuli yake ya sekondari ilimsomesha kila kitu mpaka mwaka wa mwisho. Sisi wetu tumewakata vipande form five. Na pale mwanafunzi ana mshauri wa masomo anayekaa naye. Hapa ukiweka kila kitu hiari, kijana atauliza rafiki zake somo gani jepesi, na hatumlaumu, maana GPA, wastani wa alama zake, ndiyo inayomuombea kazi na aliyesoma somo gumu hakuna anayemtazama. Hiari bila ya mshauri inawafaa waliozaliwa nyumba zenye vitabu. Mtoto wa Micheweni ambaye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo, nani atamwambia kwamba somo la historia lina faida na yeye wa kompyuta?

Nakubali tukutane kati. Kuandika kuwe lazima kwa wote, na hapo sirudi nyuma. Moja jengine, la mwani na kuta, liwe lazima pia lakini libebe alama ya kufaulu au kutofaulu, lisiguse GPA, mtu asome bila hofu. Yanayobaki achague mwenyewe. Chuo cha Ashesi cha Ghana, kilichofunguliwa 2002, kinatoa shahada za biashara, kompyuta na uhandisi, na bado kila mwanafunzi anapita masomo ya msingi ya pamoja. Hakuna anayesema wahitimu wao hawajui kazi. Lakini ni chuo kidogo, na udogo ndio unaompa mwalimu nafasi ya kumjua mwanafunzi kwa jina, kama alivyosema mzee.

Mwanafunzi wa Uuguzi

Samahani kaka zangu na wazee, mimi ndiyo kwanza naingia semista ya pili. Nimepewa nafasi ya somo moja la hiari nje ya kitivo: Utangulizi wa Ujasiriamali, Historia ya Zanzibar, au Kiswahili cha Kitaaluma. Wenzangu wote wameandika Ujasiriamali, wanasema ni jepesi. Nichukue lipi?

Mleta uzi

Mwanangu, usianze na jina la somo. Anza na mwalimu. Waulize walioko mwaka wa tatu: nani anarudisha kazi zenu zikiwa zimesahihishwa, na nani anasoma slaidi? Kama wa Kiswahili cha Kitaaluma anasahihisha, nenda kwake. Wewe utakuwa unamueleza mgonjwa wa Kojani namna ya kumeza dawa za presha, na karatasi yako ya kukabidhi zamu itasomwa na mwenzako saa nane usiku akiwa hana wa kumuuliza.

Kama wa Historia ndiye bora, nenda kwa wa Historia, na muombe akuruhusu uandike juu ya wakunga au juu ya hospitali ya pale ulipozaliwa. Siku za usajili zinakwisha haraka, kaulize leo.